Safari ya Roma Iliyoanzia Kasansa

Nyinyi mnaokaa sasa nyuma ya kidirisha cha tiketi mmeniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa wakati reli ya Mpanda ikiwa bado mpya. Nadhani mlitegemea maelezo ya namna ya kufunga hesabu za jioni. Hayo yamo kwenye kitabu cha kanuni, na aliyekiandika alikuwa na akili kunizidi. Mimi nitaandika yasiyomo: jinsi kijana mmoja wa Ilembo, ambaye hakuwahi kuvuka Tabora, alivyojiona fundi wa kupanga safari za Ulaya. Kijana huyo ndiye mimi, na mtaniwia radhi nikimcheka.

Nilianza kazi katika miaka ya hamsini, mgodi wa madini ya risasi ukiwa umepamba moto na kila kitu kikija kwa treni: chumvi, saruji, barua, hata wachumba. Siku ya kwanza nilivaa kaptura iliyotiwa wanga mpaka ikaweza kusimama yenyewe. Karani mkubwa, Bwana Sefu, Mnyamwezi wa Tabora mwenye sauti ndogo na macho makubwa, alinitazama kuanzia miguuni, kisha akanipa kitambaa nikafute vumbi kwenye kabati la tiketi.

Tiketi za wakati ule zilikuwa vipande vidogo vya kadi ngumu, kila kituo na safu yake kabatini. Pembeni kulikuwa na mashine ya chuma ya kugonga tarehe. Unaingiza tiketi upande mmoja, unasukuma, inagonga. Mchana wa siku ile niliigongea tarehe kucha ya kidole gumba changu. Wino uligoma kutoka, na wapagazi wakawa wananiuliza kila asubuhi kama safari yangu haijapita wakati wake. Sikuona cha kuchekesha, ila leo nakiona.

Bwana Sefu hakuwa mtu wa maneno mengi. Abiria akimwuliza nauli ya Kigoma, alimtajia nauli ya Kigoma, basi. Mimi nilimweleza abiria abadilishe treni Kaliua, akae upande gani asile moshi wa injini, na anunue karanga kituo gani. Foleni yangu ilikuwa inafika mpaka kwenye mizani ya mizigo.

"Bwana mdogo," Bwana Sefu aliniambia, "wewe uza tiketi. Safari mwachie msafiri."

Nilimwona mtu asiye na upeo. Mimi upeo nilikuwa nao mwingi, shida ilikuwa ni pa kuupeleka. Halafu mzungu mmoja wa mgodini, akirudi kwao, akasahau benchini kijitabu cha kampuni ya meli, chenye ramani na picha. Tulikiweka akifuate, hakukifuata, na mimi nikakirithi bila kuandikiwa wosia. Ndani yake kulikuwa na Kairo na mapiramidi yake, Athene na nguzo zake, Napoli na mji wa kale uliofukiwa na majivu ya mlima. Kulikuwa pia na fukwe ambako watu walijilaza mchangani mchana kweupe, karibu uchi, wakionekana kufurahi. Nilikisoma mpaka kikaachia uzi. Baada ya hapo ungeniuliza meli ya kutoka Dar es Salaam kwenda Napoli inatia nanga wapi na wapi, ningekutajia nikiwa usingizini: Mombasa, Adeni, Suezi, Bandari Saidi. Hakuna aliyekuwa ananiuliza. Mpanda watu walikuwa wanataka kwenda Kaliua.

Sasa mtaelewa furaha yangu siku Padri Mkubwa wa misheni alipokuja kidirishani akiongozana na Mama Felista. Mama Felista alikuwa mkunga, mjane wa makamo, mwembamba, mwenye mikono mikubwa. Nusu ya watoto wa Mpanda walipokelewa na mikono ile. Mwanawe wa pekee, Bonifasi, alikuwa anasoma upadri Roma, na sasa alikuwa karibu kupewa daraja takatifu. Misheni ilikuwa imemtafutia mama nafasi ya kwenda kushuhudia, akifuatana na sista mmoja aliyekuwa anarudi kwao Italia kwa likizo.

"Kuna meli mbili," Padri Mkubwa aliniambia. "Moja inatangulia, nyingine inafuata baadaye, na zote zinawahi. Sista hana neno, yoyote atapanda. Karani, wewe panga inayofaa."

Kama angejua anamwambia nani, angepanga mwenyewe. Nilichagua meli ya kwanza bila kuwaza mara mbili, kwa sababu ilibakiza siku nyingi za kutembea kabla ya sherehe. Nilikaa siku kadhaa nikichora safari kwenye karatasi kubwa ya kufungia vifurushi. Washuke Suezi, wachukue treni mpaka Kairo, waone mapiramidi, waikute meli Bandari Saidi. Wakifika Napoli wasikimbilie Roma. Waende kwanza kwenye mji uliofukiwa, halafu wapumzike ufukweni. Sista alikuwa mgonjwa wa miguu na Mama Felista hakuwahi kuomba kuona piramidi, lakini hayo sikuyapa nafasi kwenye karatasi.

Nilimwita kumwonyesha. Alinisikiliza kwa adabu, akaweka kidole kwenye picha ya ufukwe.

"Hawa ni wagonjwa?"

"Hapana, mama. Wanapumzika."

"Juani? Na nguo zao je, zimeibwa?"

"Wanalala hivyo kwa hiari yao."

Alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za msiba wa mbali. Kisha akaitazama karatasi yangu yote, kutoka Mpanda mpaka Roma, taratibu.

"Baba Karani, umenisimamisha sehemu nyingi ambazo sina mtu," akasema. "Mbona Kasansa hujaniweka?"

Nikamwambia Kasansa haiko njiani. Ni kusini, kule Mpimbwe, tena reli haifiki. Akasema hilo analijua, lakini ndiko anakoishi kaka yake, Mzee Kasonso, mjomba wa Bonifasi. Mjomba alikuwa amekataa. Padri haoi wala hazai, na kwa watu wa ukoo ule mtoto wa dada haondolewi kwenye uzazi bila mjomba kuulizwa. Bonifasi alipelekwa seminari akiwa mdogo kama mtoto wa shule tu, na mjomba alipokuja kujua mwisho wake ni nini, akanuna. Alikuwa hajasema na dada yake tangu hapo.

"Siwezi kwenda kusimama pale wakati mwanangu anatolewa kwa Mungu, huku kaka yangu amenikalia kimya," Mama Felista alisema. "Nitaanza na Kasansa. Na wewe utanisindikiza, umweleze safari, maana mimi siijui."

Nilimwangalia Bwana Sefu nikitegemea atanitetea kwamba kazi ni nyingi. Alikuwa ameshaanza kunijazia ruhusa ya likizo.

Tulipanda lori la mfanyabiashara, juu ya magunia ya chumvi. Pale Sitalike dereva alisimama kupoza injini, na Mama Felista akaenda kuwaangalia viboko mtoni kwa utulivu ambao sikuuona alipoonyeshwa piramidi. Mimi nilikuwa nimekumbatia ramani yangu isilowe. Nilikuwa na hakika kwamba mzee akishaelezwa vizuri ukubwa wa safari, ataona fahari na ataridhia. Niliamini kabisa kwamba kilichokosekana kwenye ule ugomvi wa ukoo ni karani.

Mzee Kasonso tulimkuta anatengeneza uzio wa zizi. Alikuwa mrefu, mguu mmoja unachechemea, na hakuacha kazi mara moja. Alitusalimia, akaagiza tuletewe maji, kisha ugali na samaki wa Rukwa. Tulipokwisha kunawa ndipo akaniangalia.

"Huyu ni nani?"

"Ni Karani wa reli, kaka. Ndiye anayeijua njia."

"Haya, aseme."

Nikakunjua karatasi mkekani. Nawaambieni kweli, sijawahi kusema vizuri vile maishani mwangu. Nilianza na injini, nikaja kwenye meli, nikaeleza vitanda vyake na jikoni kwake. Mzee aliuliza watu wanajisaidia wapi mle majini, nikamjibu, akaridhika. Akaanza kusogea. Mama Felista akaanza kupumua. Kama ningeishia hapo ningekuwa nimerudi Mpanda shujaa.

Nikaingia kwenye magofu.

"Mzee, kule kuna miji ya kale mikubwa kuliko Tabora," nikasema. "Nguzo za mawe mpaka leo zimesimama. Watu wanatoka nchi zote kwenda kuitazama."

"Wenyewe wako wapi?"

"Wenyewe walikwisha zamani."

"Wakamwacha nani?"

"Hawakumwacha mtu, mzee. Kumebaki nyumba tupu na mawe."

"Hayo ni mahame," akasema.

"Ndiyo, mahame," nikajibu kwa furaha, nikidhani tumeelewana. "Lakini mazuri ajabu."

Mtu wa umri wake katika nchi ile hakuhitaji kuelezwa hame ni nini. Yeye na Mama Felista walizaliwa katika kijiji kilichokuwa porini nyuma ya mto Katuma. Ugonjwa wa malale ulipozidi, serikali iliwahamisha watu wote ili kuwatenga na mbung'o, wakaacha nyumba, mashamba na makaburi, na pori likachukua vyote. Mimi nilikuwa nimeketi mbele ya mtu aliyelazimishwa kuacha kijiji kizima, nikimsifia vijiji vilivyokufa.

Mzee Kasonso alimgeukia dada yake.

"Felista, nyumba ya mama yetu imebaki na mtoto wa kiume mmoja. Nyie mnataka kumfunga asizae. Sawa, umekuja kuniambia. Lakini umeniletea na mtu wa kunisifia nyumba zilizokwisha?"

Akainuka, akarudi kwenye uzio wake. Mama Felista hakunifokea, na afadhali angenifokea.

"Mwanangu," akasema, "kunja karatasi yako."

Niliikunja. Siku iliyofuata nilikaa na vijana wa pale nikichambua mchele, kazi ambayo waliniambia nafanya kama mtu anayetafuta sindano. Mama Felista alikwenda zizini, nami nikawa nasikia kila neno, kwa sababu watu wa ukoo ule wakikasirika hawapunguzi sauti.

"Kaka, sikuja umpende Padri Mkubwa."

"Simpendi."

"Nimekuja kwa sababu mtoto wetu anakwenda kulala kifudifudi mbele ya Mungu. Sitaki alale pale na wewe umemnunia."

Nikasikia mzee akipigilia nguzo ya uzio. Kisha akauliza, "Mama umemwambia?"

"Mama yuko kaburini."

"Ndiyo nakuuliza. Umemwambia?"

Hakuwa amemwambia. Ikaamuliwa palepale kwamba tutarudi pamoja kwa lori, tushuke kabla ya Sitalike, tukate pori mpaka kwenye kijiji chao cha zamani, na huko ndiko mzee atakakosema neno lake. Hakuahidi litakuwa neno gani. Mimi nikapiga hesabu kichwani. Lori lilikuwa halijulikani litapita lini, kisha pori, kisha kusubiri lori jingine.

"Mama, tukipitia huko meli ya kwanza itatuacha," nikasema.

"Itatuacha akina nani?" Mama Felista akauliza. "Kwani na wewe unasafiri?"

Mzee Kasonso alicheka, kwa mara ya kwanza tangu tufike. Nafurahi kwamba nilitoa mchango.

Tulipofika nilijua ni pale kwa sababu ya minyaa. Uzio wa boma la zamani ulikuwa umeota ukawa ukuta mrefu wa kijani, ukizunguka mahali pasipo na mtu. Ndani kulikuwa na mawe ya kusagia yaliyokwisha kulika katikati, na vigae vya vyungu. Mzee alikuwa anapita na kutaja: hapa kwa fulani, hapa kwa mke wake mdogo, hapa tulikuwa tunafunga mbuzi. Lilikuwa ndilo gofu la kwanza nililoliona kwa macho yangu, na sikuwa na hata neno moja la kulieleza.

Kaburi la mama yao lilikuwa na mawe machache yaliyopangwa kwa mviringo. Mama Felista alipiga magoti akatoa rozari. Mzee Kasonso alivua viatu, akasimama.

"Mama," akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na aliye jikoni. "Mjukuu wako Bonifasi anataka kuwa padri. Hataoa, hataleta mtoto. Nimekasirika, na nimekuja nikuambie nimekasirika."

Mbung'o walikuwa wanatuuma shingoni na hakuna aliyejikung'uta. Nilikuwa na hoja nzuri ya kumsaidia, nikafungua mdomo. Mama Felista akanitupia jicho, nikaufunga. Nadhani hiyo ndiyo huduma pekee ya maana niliyoitoa katika safari yote.

Mzee aliangalia huku na huku kule kijijini kwake.

"Sisi hapa wote tulioa," akasema. "Wote tulizaa. Na angalia, hapana mtu."

Uso wake ulikuwa umelowa, na hakuufuta.

"Basi aende. Mwambieni mjomba wake amekubali, na amekubali hapa, mbele ya bibi yake." Kisha akaanza kuvaa viatu. "Sasa tuondokeni, hawa mbung'o watatumaliza, na serikali imeshachoka kutuhamisha."

Meli ya kwanza ilikuwa imetupita, kama nilivyotabiri. Nilirudi kidirishani, nikachukua karatasi yangu, na kwa mkono wangu mwenyewe nikafuta Kairo, nikafuta mji uliofukiwa, nikafuta ufukwe na watu wake waliolala. Meli ya pili ilikuwa haina nafasi ya kusimama popote. Ikifika Napoli, ni kushuka na kupanda treni ya Roma, na sherehe ni karibu mno. Ilikuwa masika, tena mwajua wenyewe jinsi maji ya mto Ugalla yanavyoweza kuichezea njia yetu. Siku Mama Felista alipoondoka na sista, nilikaa na Bwana Sefu mpaka habari ikaja kwa simu kwamba treni imevuka salama imefika Kaliua. Alinitazama.

"Umeuza tiketi?"

"Nimeuza."

"Vizuri," akasema, akarudi kwenye hesabu zake.

Nakiri kwamba katika wiki zile nilikuwa ninaumia zaidi kwa ajili ya piramidi kuliko kwa ajili ya Mama Felista. Nilimwonea huruma mtu anayepita Misri bila kushuka. Niliwaeleza habari hizo abiria wa Kaliua, wakanisikiliza kwa sababu hawakuwa na njia, mimi ndiye niliyeshika tiketi.

Mama Felista alirudi kiangazi. Treni iliposimama nilitoka mbio kumpokea mzigo wake, nikaanza kuuliza kabla hajakanyaga chini vizuri. Meli ilikuwaje? Adeni je? Roma ina nguzo kama za kwenye picha? Alikaa kwenye benchi la stesheni, akavua kiatu kimoja akakikung'uta.

"Adeni kuna joto," akasema. "Roma kuna mawe mengi. Nguzo zako nimeziona, nilipita nazo haraka."

"Na sherehe?"

Hapo akaacha kiatu.

"Waliwalaza chini, kifudifudi, na nguo nyeupe. Mimi nimezoea kuona mtoto akitoka, sijazoea kuona mtoto wangu amelazwa vile kama maiti. Nililia. Sista akanishika. Halafu wakawainua, wakawapaka mafuta mikononi, wakamaliza sala zao ndefu. Kwisha, ndiyo akaja kwangu kunipa baraka. Baraka yake ya kwanza, baba Karani. Nikapiga magoti. Akaniwekea mikono kichwani, nikasikia hasemi zile sala. Ameinama, ananiuliza kwa Kikonongo, lugha yetu ya nyumbani, polepole, watu wasisikie."

"Anauliza nini?"

"'Mama, mjomba alisemaje?'"

Treni ilikuwa inashusha mizigo na watu walikuwa wanaitana, lakini mimi nilikuwa nasikia sauti yake tu.

"Miaka yote ile hakuwahi kuniandikia kuuliza," akasema. "Aliogopa jibu. Na mimi nilikuwa sijui kama anaogopa. Nikamwambia, amekubali, amekubali mbele ya bibi yako. Basi akalia palepale, padri mzima, mikono bado iko kichwani kwangu, na mafuta yananishuka usoni."

Nikamwuliza kitu ambacho huenda sikupaswa kumwuliza mama mcha Mungu kama yeye.

"Na kama mzee angekataa, ungemjibu nini?"

Mama Felista alivaa kiatu chake, akafunga kamba.

"Ningemdanganya," akasema. "Palepale mbele ya altare, na mikono yake kichwani kwangu, ningemwambia mjomba amekubali. Ndiyo maana nilitaka nipite Kasansa kwanza, nisifike pale na uongo mdomoni."